Schmerzensmann: Mtu wa Uchungu

Wajerumani huita Schmerzensmann mchoro unaomwonesha Yesu kifua wazi, mwenye matundu ya misumari viganjani na, mara nyingi, taji ya miiba. Ukiutazama haraka utadhani ni tukio la msalabani. Sivyo. Misumari imeshapita, naye mara nyingi yu macho. Hakuna Injili inayosimulia dakika hiyo, kwa sababu mchoraji hana kisa cha kusimulia: anamweka mteswa mbele ya anayesali, watazamane. Katika mchoro wa Meister Francke ulioko Hamburg, wa miaka ya 1430, Yesu anaonesha jeraha la ubavuni, na malaika wako naye.

Kisiwani Pemba picha ya namna hii ni ngeni. Waislamu, ndio wengi, hawamchori Nabii Isa wala hawakubali kwamba alisulubiwa. Hata Marafiki, Wakristo wa Kiingereza waliofungua misheni Banani, Chake Chake, mwaka 1897, wao huabudu kwa ukimya, bila picha wala sanamu. Mwanafunzi wa Wete basi hukutana na picha na jina lake kwa pamoja kitabuni. Jina likienda upande, na picha ataisoma upande.

Tafsiri ya haraka ni "mtu wa huzuni", maana asili ya jina ni Isaya 53, na Biblia ya Muungano ya 1952 imetumia huzuni hapo. Kwa sanaa hii mimi siipendi. Mtu aweza kujaa huzuni asiwe na hata mkwaruzo, ilhali Schmerz, sawa na dolor ya Kilatini, huuma mwili na moyo. "Maumivu" nayo hutupeleka hospitali tu.

Uchungu unabeba yote mawili. Mja mzito hushikwa na uchungu, mfiwa ana uchungu, na hakuna anayeuliza ni upi. Ni kweli shubiri nayo ni chungu, lakini ladha haitamchanganya mtu hapa. Ndiyo maana napendekeza Mtu wa Uchungu. Mateso tuyaachie matukio yenyewe: kupigwa mijeledi, kubeba msalaba.

Mipaka hiyo ina kazi. Altare ya Isenheim, aliyoichora Matthias Grünewald kati ya 1512 na 1516 kwa watawa waliouguza wagonjwa, ina Yesu ambaye ngozi yake imejaa vidonda na vidole vimekakamaa. Hakuna mchoro wenye uchungu kuuzidi. Hata hivyo huyo bado yuko msalabani, kwa hiyo si Schmerzensmann. Huo ni Usulubisho.