Ute si makamasi

Watu wa Msambweni na Kwale, pwani ya Kenya, wanakijua kidonge cha kichocho, prazikwanteli. Watafiti wamekuwa wakiufuatilia ugonjwa huo huko tangu miaka ya 1980. Kidonge chenyewe humezwa mtu akishakula, kwani chakula husaidia dawa kuingia mwilini.

Lakini kabla ya kufika kwenye damu, dawa yoyote ya kumeza hupita utando unaoteleza uliofunika ukuta wa utumbo. Tuuiteje? Wapo wanaoandika “makamasi ya utumbo”. Hapana. Makamasi ni ya puani, na kohozi hutoka kifuani. Kiswahili kina neno pana zaidi: ute, kama ute wa yai. Halibebi harufu ya mafua wala ya uchafu, na hilo lafaa, kwa sababu ute wa utumbo ni ngao: huzuia vijidudu na kulainisha njia ya chakula. Baadhi ya dawa nazo hunasa humo.

Maabara hupima jinsi dawa inavyoupenya ute huo na ukuta wa utumbo kwa kuotesha seli juu ya kichujio. Dawa huwekwa juu, kisha hupimwa kiasi kilichopenya chini. Seli za Caco-2, zilizotokana na saratani ya utumbo mpana, hujenga ukuta mzuri lakini ute wake ni haba. Ndiyo maana huchanganywa na za HT29-MTX, ambazo hutoa ute.

Waandishi wa afya, tuandike “ute wa utumbo”. Makamasi tuyaachie pua.