Nyumba Kwanza, Maneno Baadaye

Barabara ya kutoka Tarime mjini kwenda Mugumu ina kilomita 87. Inapita Nyamwaga, inashukia Nyamongo kwenye mgodi wa dhahabu wa North Mara, inavuka Mto Mara na kuingia wilaya ya Serengeti. Wengi huisimulia kwa ng'ombe walioibwa, kwa dhahabu na kwa mapigano ya koo. Mimi nimeifuata kwa ajili ya wasichana. Kwa miaka mingi sasa wamekuwa wakiitafuta barabara hii usiku, kwa vijia vya mashambani, wakikimbia kisu cha ngariba. Huko wanakopokelewa, Masanga upande wa Tarime na Mugumu upande wa Serengeti, inafanyika kazi ambayo wanasaikolojia wangeiita tiba, hata pale ambapo anayeifanya ni sista au mlezi asiyevaa koti jeupe.

Uzito wa kazi hiyo hauonekani mpaka mtu akumbuke wagonjwa wa akili wa nchi hii walikuwa wakipelekwa wapi. Zama za Wajerumani, wakati eneo hili lilitawaliwa kutoka maboma ya Shirati na Ikoma, koloni zima lilikuwa na mahali pamoja tu pa kuwapokea: Lutindi, milimani Usambara. Wamisionari wa Kilutheri walikuwa wamepafungua mwaka 1896 kuwa makazi ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1904 wakapageuza kuwa makao ya wagonjwa wa akili. Waingereza nao wakajenga Dodoma, na hospitali ya Mirembe ikaanza mwaka 1927. Kwa mtu wa Ikoma au Tarime, kote huko ilikuwa safari ya siku nyingi. Mgonjwa aliondolewa kwao, akafungiwa mbali, na jamaa zake wakabaki na jina la hospitali tu. Hata leo, kutaja Mirembe mbele ya watu kunatosha kumtukana mtu.

Hakukuwa na mazungumzo na mgonjwa kwa sababu wenye madaraka hawakuamini kuwa kuna wa kuzungumza naye. J. C. Carothers, daktari aliyeisimamia hospitali ya Mathari jijini Nairobi, aliandikia Shirika la Afya Duniani kitabu kilichotoka mwaka 1953. Humo alidai kwamba Mwafrika hatumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo wake, na kwamba sonona ni nadra kwake. Nikiwaza ni wanawake wangapi wa ukanda huu waliokuwa wakilia usiku wakati wino wa maneno hayo ukikauka, nashindwa kuyasoma kwa utulivu. Mwenye imani kama hiyo angewezaje kuketi na mwanamke wa Kikurya na kumuuliza moyo wake unauma wapi?

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika, ingawa polepole. Vikaja vijiji ambako wagonjwa walilima na kuishi na watu. Miaka ya 1980 ukaja mpango wa kuishusha huduma ya afya ya akili hadi kwenye zahanati, ulioanzia Kilimanjaro na Morogoro. Mwaka 2008 Bunge likapitisha Sheria ya Afya ya Akili. Mwaka huohuo, bila shaka bila mtu yeyote kuyaunganisha mambo hayo mawili, masista wa Moyo Safi wa Maria walianza kuwapokea wasichana Masanga.

Anayetoka nje ya Mara anahitaji kuelezwa saro. Ni msimu wa tohara wa Wakurya, ambao kwa kawaida huangukia Novemba na Desemba, shule zikiwa zimefungwa, na hasa katika mwaka unaogawanyika kwa mbili. Wazee wa mila hutangaza, koo hujipanga, na vijana wa kiume na wa kike hutahiriwa kwa makundi. Msichana akitoka kwa ngariba husindikizwa nyumbani kwa nyimbo, na hupewa zawadi. Kuanzia siku hiyo ana rika lake, anaweza kuolewa, na ng'ombe wa mahari yake huenda wakamwolea kaka yake mke. Asiyekeketwa huitwa msagane, na neno hilo humfuata kisimani, sokoni na mpaka kwenye ndoa. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka kifungo cha miaka 5 hadi 15 kwa anayemkeketa au kusababisha akeketwe msichana wa chini ya miaka 18. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, wakati kwa nchi nzima ni asilimia 8.

Jeraha la mwilini limeandikwa sana. La akilini limechelewa kuandikwa. Mwaka 2005 watafiti wawili, Behrendt na Moritz, walichapisha matokeo yao kutoka Dakar: kati ya wanawake 23 waliokeketwa, karibu theluthi moja walikuwa na ugonjwa wa kiwewe, ule unaomrudisha mtu kwenye tukio kila akifumba macho. Kundi ni dogo, na Dakar si Tarime. Lakini linatosha kuvunja ile hoja inayosikika sana, kwamba jambo likishakuwa mila haliumizi moyo.

Na yule aliyewahi kutoroka? Yeye hakukatwa, lakini ana kidonda cha namna nyingine. Aliyepanga siku ni baba. Aliyetakiwa kumshika mabega ni mama au shangazi. Msichana wa miaka kumi na mbili anayekimbia gizani ameokoa mwili wake na kupoteza, kwa usiku mmoja, watu wote aliowaamini, pamoja na rika lake na wimbo ambao angeimbiwa. Ndiyo maana naona wanaosema Masanga ni mahali pa kujificha tu hawajaitazama vizuri. Katika kambi ya Masanga kuna masomo ya afya na haki, kuna ngoma, nyimbo na maigizo, na msimu ukiisha kuna mahafali, msichana akavuka rika mbele ya watu bila kisu. Sherehe hiyo inamrudishia sehemu ya alichopoteza. Dawa ya usingizi haiwezi kumrudishia hicho, wala mazungumzo ya faragha peke yake.

Hapa inabidi niiache barabara kidogo niende Vienna. Tiba ya mazungumzo, kama inavyosimuliwa, ilianza na msichana mmoja, Bertha Pappenheim, aliyetibiwa na daktari Josef Breuer kati ya mwaka 1880 na 1882. Alipooza viungo, akapotewa na lugha yake, akawa anaona visivyoonekana. Breuer akagundua kwamba akimwacha asimulie kila dalili ilianzaje, dalili hiyo hulegea. Mwaka 1895 Breuer na Sigmund Freud walichapisha kisa chake kwa jina la kubuni, Anna O., na kutoka hapo ukaota mti wote: Freud na ndoto, kisha Carl Rogers aliyesisitiza kumsikiliza mtu bila kumhukumu, kisha Aaron Beck aliyewafundisha wagonjwa kuyapima mawazo yao kabla ya kuyaamini. Unasihi unaofundishwa leo katika vyuo vyetu vya ustawi wa jamii umetokana kwa kiasi kikubwa na Rogers.

Kinachosahaulika ni maisha ya Bertha baada ya kitabu. Hakupona haraka kama Breuer alivyoandika, bali alilazwa mara kadhaa miaka iliyofuata. Alipopata nguvu, akawa mpigania haki za wanawake wa Kiyahudi, akasafiri kupinga biashara ya kuuza wasichana, na mwaka 1907 akafungua nyumba Neu-Isenburg, karibu na Frankfurt, kwa ajili ya wasichana walio hatarini na akina mama waliozaa nje ya ndoa. Mgonjwa wa kwanza wa tiba ya maneno alipotaka kuwasaidia wengine, aliwajengea nyumba. Kwangu mimi, nyumba ile ya Neu-Isenburg na ile ya Mugumu ni za ukoo mmoja.

Daktari wa magonjwa ya akili aliyeliweka wazi jambo hili, kwamba nyumba hutangulia maneno, ni Judith Herman wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu kiwewe na kupona. Anaeleza hatua tatu. Kwanza mtu awe salama. Pili alisimulie lililomkuta na kuliomboleza. Tatu aungane tena na watu. Ukiruka ya kwanza ukamlazimisha kusimulia, unamtonesha. Masanga na Mugumu zilianzia palepale panapotakiwa: lango, kitanda, chakula, mlezi anayelala nyumba moja na watoto.

Mugumu nyumba ilifunguliwa mwaka 2014, chini ya uongozi wa Rhobi Samwelly, mwanamke wa Mara ambaye amesimulia hadharani jinsi alivyokeketwa akiwa msichana na kunusurika kufa kwa kutokwa damu. Mwaka 2017 alianzisha shirika la Hope for Girls and Women. Kuna kazi moja pale inayonigusa kwa namna ya pekee. Vijiji vingi vya Serengeti havikuonekana vizuri kwenye ramani, na simu ya msichana ikipigwa usiku gari lilikuwa halijui lielekee wapi. Watu wa kujitolea kupitia mradi wa Crowd2Map, ulioanza mwaka 2015, wakaanza kuchora barabara na nyumba kutoka kwenye picha za setilaiti, na wenyeji wakajaza majina. Hatua ya kwanza ya Herman ilianza kutimizwa kwa ramani.

Hatua ya pili, ya kusimulia, ndiyo ambayo Afrika Mashariki ina mengi ya kuifundisha dunia. Katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, Frank Neuner na wenzake walijaribu njia iitwayo tiba ya simulizi. Kamba hulazwa chini kuwakilisha maisha ya mtu tangu kuzaliwa. Anaweka ua mahali pa furaha na jiwe mahali pa maumivu, kisha vikao vinavyofuata anasimulia jiwe moja baada ya jingine, polepole, mpaka tukio lililokuwa likimvamia lipate mahali pake na tarehe yake. Matokeo ya mwaka 2008 yalihusu wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia, na washauri walikuwa wakimbizi wenzao, watu wasio madaktari, waliofundishwa kwa ajili ya kazi hiyo.

Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya, kukafanyika jaribio kubwa zaidi, lililochapishwa mwaka 2020: watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, wakisaidiwa na washauri wa kawaida kuyakabili mawazo na kumbukumbu zao kwa vikundi. Watoto wa Kenya, wa mjini na wa vijijini, walipata nafuu kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida, hata mwaka mmoja baadaye; upande wa Tanzania, kufikia wakati huo tofauti hiyo haikuonekana. Huko Kivu, Kongo mashariki, mwaka 2013, ilitoka habari ya wanawake 405 waliobakwa au kushuhudia ubakaji. Miezi sita baada ya matibabu, waliopata tiba ya vikundi na kubaki na dalili za sonona au wasiwasi walikuwa asilimia 9, na waliopata msaada wa kawaida wa mmoja mmoja walikuwa asilimia 42.

Habari hiyo ya Kongo inaipinga kidogo hoja yangu ya usalama kwanza, na sina budi kuikubali. Kivu vita havikuwa vimekwisha, na bado maneno yalifanya kazi. Pengine usalama si lazima uwe kamili. Inatosha kuwe na duara la watu ambao ndani yake mtu hawezi kuguswa, hata kama nje bado kuna hatari. Lakini duara hilo lazima mtu alishike, na kwa mtoto wa miaka kumi na mbili wa kulishika ni mtu mzima mwenye ufunguo wa lango.

Januari shule zikifunguliwa, inafika hatua ya tatu, ambayo naiona kuwa ngumu kuliko zile mbili za kwanza. Herman aliandika akiwaza mtu ambaye hatari yake imepita. Msichana wa Tarime anarudi kwenye nyumba ileile aliyoikimbia, na miaka miwili mbele msimu mwingine unamsubiri. Ndiyo maana kabla hajarudi kuna vikao: wazazi, walezi wa kituo, afisa ustawi wa jamii, polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto, viongozi wa kijiji. Mzazi hutia sahihi kwamba hatamkeketa. Wale ambao wazazi wao hawaaminiki hubaki, wakasoma au wakajifunza ushonaji. Kwa kawaida mambo mazito ya Wakurya huamuliwa kwenye ritongo, kikao cha wanaume watu wazima. Kumketisha baba mbele ya binti yake, na binti akasema, ni mageuzi makubwa kuliko yanavyoonekana kwenye karatasi.

Anayenisumbua zaidi ni mama. Katika vikao hivyo anahesabiwa upande wa walioshtakiwa, na kisheria ni haki. Lakini kuna uwezekano mkubwa kwamba naye alikalishwa mbele ya ngariba, akaambiwa asilie, na tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza. Mwaka wa katikati, ule usio na saro, ndio wakati wake. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo kutoka vijiji 30 vya Masaka na Rakai nchini Uganda, ng'ambo ya Ziwa Victoria: vikundi vya watu wachache wenye sonona, kila kimoja na kiongozi mwenyeji aliyefundishwa, vikakutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16, na sonona ikapungua sana. Hakukuhitajika jengo wala dawa. Maeneo ya Tarime kama Gorong'a, Nyamwaga na Nyamongo yanaweza kuwa na vikundi kama hivyo vya akina mama, na wa kuanza nao wanajulikana kwa majina, kwa sababu Masanga na Mugumu wanazo karatasi walizotia sahihi.