Habari za Ulevi na Vijana wa Igurwa

Katika nchi ya Karagwe, ambako Mukama Rumanyika aliwakaribisha wasafiri wa Kizungu Speke na Grant mwaka 1861, lubisi ya ndizi na mtama ilikuwa kinywaji cha heshima, hata mahari haikuzungumzwa pasipo kibuyu, na ghulamu aliyetaka kuujua mpaka wa ulevi aliusoma katika nyuso za baba zake na karipio la mama zake.

Mwalimu wa mbali alikuja baadaye, kwa sauti. Idhaa ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na redio za betri zilipoenea vijijini, kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya nchini watu wazima wapatao milioni mbili, wakasikiliza kwa vikundi na kujadiliana. Ingawa ilihusu maji, vyoo na malaria, naiheshimu sana njia ile, maana msikilizaji alipewa wasaa wa kujibu.

Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipozifungulia mlango redio za watu binafsi, wasaa huo ulipungua na biashara ikaingia. Tuzo kubwa za muziki, zilizoanzishwa mwaka 1999, zikaja kubeba jina la bia ya Kilimanjaro, basi kijana aliyempenda mwimbaji aliweza kuipenda chupa kabla hajaionja. Na muziki ulipokoma, taarifa ya habari ikamhadharisha na heroini, ambayo waathirika wake walianza kutibiwa kwa methadoni katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011. Hapa ndipo niionapo dhara yenyewe: hadhari ilivaa sura ya mji wa baidi, na kishawishi kikavaa sura ya furaha ya nyumbani, hata ikawa rahisi kwa shababu wa Igurwa huku Karagwe, mwenye gongo mkononi, kudhani kwamba ulevi wa hatari ni balaa la watu wa pwani.

Idhaa za jirani, kama Radio FADECO ya Karagwe, zimeipa habari mtangazaji ambaye msikilizaji aweza kumkuta sokoni. Lakini siku ninayoikumbuka zaidi ni Machi 1, 2017, serikali ilipopiga marufuku pombe kali ya viroba, yaani ya vifuko vidogo, na neno lile la vichochoroni likasomwa kwa jina lake katika taarifa ya taifa, likitaja kitu kilichoweza kuwamo katika mfuko wa suruali wa kijana yule yule aliyekuwa akisikiliza.