Kumpwekesha Mungu: Tauhidi ya Masufi na ya Washikao Dhahiri

Mjini Likasi, ulioitwa Jadotville hadi mwaka 1966, Kiswahili ni lugha ya mgodi, ya soko na ya kanisa kuliko kuwa lugha ya chuo cha Kurani. Hata hivyo tamko kwamba Mungu ni mmoja halipingwi huko na Mkristo wala na Mwislamu. Ugomvi huanza inapoulizwa maana yake.

Kiswahili cha vitabu vya dini kina kitenzi kinachostahili kuchunguzwa: kupwekesha. Kauli yake ni ya kutendesha, na mtendaji ni mja. Kwa wanaoshika dhahiri ya matini, wakimfuata Ibn Taymiyya (1263–1328), hapo ndipo penye uzito: mja ampwekeshe Mola kwa ibada, asimwombe mwingine, awe hai au maiti. Masufi hawakuukana wajibu huo, ila waliuona kuwa ni mwanzo wa safari. Al-Ghazali (aliyefariki 1111) aliifananisha tauhidi na jozi: maganda mawili, kiini, na mafuta yaliyomo ndani ya kiini. Ganda la nje ni ulimi unaotamka. Mafuta ni daraja ya mtu asiyeona katika kuwapo ila Mmoja, hata nafsi yake haioni. Basi ni nani tena anayepwekesha?

Wengi huweka tarika upande mmoja na wapinzani wake upande wa pili. Historia ya Afrika Mashariki haiukubali mgawanyo huo. Sheikh Uways wa Barawa, mwenezi mkubwa wa Kadiria, aliuawa Biolee mwaka 1909 na wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdille Hassan. Miongoni mwa waliyohitilafiana ni tawasuli, yaani kumwomba Mungu kwa jaha ya mawalii waliokufa. Lakini Sayyid huyo naye alikuwa mtu wa tarika, ya Salihia. Na Kadiria yenyewe, ambayo baadaye ilipenya hadi Maniema na kutiliwa shaka na Wabelgiji, ina jina la Abdulqadir al-Jilani (aliyefariki 1166), mwanazuoni wa Kihanbali kama Ibn Taymiyya, ambaye aliandika ufafanuzi wa kitabu chake, Futuh al-Ghayb.

Alichokipinga Ibn Taymiyya kwa ukali ni mafundisho ya Ibn Arabi (1165–1240) juu ya umoja wa kuwapo, yaliyofuta, kwa maoni yake, mpaka baina ya Muumba na kiumbe. Kuhusu makaburi pia hakulegea. Fatwa yake juu ya safari za kuyazuru ilimfungisha mwaka 1326 katika ngome ya Damaski, akafia humo miaka miwili baadaye.