Kutoka Hiari Hadi Amri

Wengi hudhani sera huanzia kwenye bajeti. La hasha! Huanzia kwenye neno.

Septemba 1967, miezi saba tu baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa kijitabu cha Ujamaa Vijijini. Humo alisisitiza kuwa wakulima washawishiwe, wasilazimishwe. Neno lilikuwa hiari. Novemba 1973 neno likageuka: kuishi vijijini ni amri, na mwisho ni 1976. Basi ikaja “operesheni”, neno la kijeshi, na malori nyuma yake. Mamilioni waliondolewa kwenye mashamba yao. Wako waliochomewa nyumba ili wasirudi. Ujamaa maana yake undugu, lakini undugu haupakiwi kwenye lori.

Hapa Itaka, wilayani Mbozi, Kinyiha ni cha nyumbani. Maagizo ya serikali huja kwa Kiswahili. Kwa hiyo sisi vijana tunaotaka kuandika tuvichunguze vitenzi vyake. Kati ya kuhama na kuhamishwa kuna herufi chache tu, ila ndani yake watu walipoteza mashamba. Tangazo likisomwa mkutanoni, tuulize: nani anatenda, nani anatendwa?