Miguu Haionekani Kwenye Santuri

Najua mmezoea nikiandika humu habari za bunge, bei ya mafuta na foleni. Leo naomba tuyaweke kando hayo. Leo ni habari ya gitaa, na pia habari ya kosa nililolifanya mimi mwenyewe kama mwandishi. Kosa lenyewe nitalieleza mwishoni, vumilieni.

Nianze na Jumapili. Mnaokumbuka kaseti za wazazi wetu mtanielewa: Jim Reeves, Don Williams, Kenny Rogers. Kwetu baba hakuruhusu kitu kingine kichezwe hadi chakula cha mchana kiive. Katika baadhi ya nyimbo zile, nyuma ya mwimbaji kulikuwa na mlio unaoteleza, unapanda na kushuka kama mtu anayejizuia kulia. Miaka yote nilidhani ni fidla. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaambiwa kuwa ni gitaa, gitaa la stili lenye pedali, na kwamba mpigaji wake hukaa kama fundi cherehani.

Mfano wa fundi cherehani nimeutumia makusudi. Gitaa hili limelazwa juu ya miguu yake kama meza. Kwa kawaida lina nyuzi kumi. Mkono wa kulia unachapa nyuzi kwa vikucha vya bandia, na wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi bila kuzibana. Lakini kazi kubwa iko chini ya meza. Mguu wa kushoto unakanyaga pedali. Magoti yanasukuma nyenzo kulia na kushoto. Mguu wa kulia uko kwenye pedali ya sauti, unaongeza nguvu kidogo kidogo kila mlio unapotaka kufifia. Kila pedali na kila wenzo hukaza au hulegeza nyuzi fulani tu. Katika tuni ya E9, inayotumiwa na wengi, pedali ya A inapandisha uzi wa tano na wa kumi kutoka B hadi C#. Pedali ya B inapandisha wa tatu na wa sita kutoka G# hadi A. Ukikanyaga zote mbili, kodi ya E inageuka kuwa A, na mkono haujasogea hata kidogo.

Sasa jiulizeni: kitu cha namna hii mtu anajifunzaje?

Mwanzoni haikuwa shida. Gitaa la stili lilizaliwa Hawaii, na anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wake ni Joseph Kekuku, aliyezaliwa mwaka 1874 katika kisiwa cha Oahu. Akiwa bado kijana wa shule alianza kutelezesha chuma juu ya nyuzi, na mwaka 1904 akaondoka visiwani kwenda Marekani bara. Mwaka 1915 maonyesho makubwa ya San Francisco yaliwatia Wamarekani wazimu wa muziki wa Hawaii. Kampuni ya Oahu ya Cleveland ikajenga biashara nzima ya kuuza magitaa na masomo ya karatasi. Karatasi zilitosha, kwa sababu wakati huo wapigaji walitumia mikono miwili tu, na kila kitu kilikuwa mezani.

Mambo yaligeuka mwaka 1954. Pedali zilikuwapo tayari. Gibson walikuwa wametoa gitaa lao la Electraharp zaidi ya miaka kumi kabla. Ila wengi walizichukulia kama njia ya kubadili tuni haraka, halafu unapiga kama kawaida. Bud Isaacs akafanya kinyume. Katika wimbo wa Webb Pierce uitwao Slowly, alikanyaga pedali wakati nyuzi bado zinalia. Msikilizaji akasikia uzi mmoja unapanda huku mwenzake umetulia. Chuma kilichonyooka hakiwezi kufanya hivyo! Wimbo ukashika namba moja kwenye chati za country, na wapigaji wa Marekani wakabaki wanajiuliza jamaa kafanyaje. Wengine wakaanza kufunga pedali kwenye magitaa yao.

Fikirieni hali ya kijana wa kijijini enzi hizo. Anayo santuri, basi. Mikono ya Isaacs haioni, miguu ndiyo kabisa. Baadaye ukaja ujanja mmoja maarufu: kupunguza kasi ya santuri kutoka mizunguko 33 kwa dakika hadi 16. Muziki unakwenda taratibu, sauti inashuka karibu oktevu nzima, na unaanza kukisia. Unapata noti. Lakini noti ile imetoka mkononi, kwenye pedali au gotini? Santuri haisemi.

Halafu mafundi wenyewe hawakukaa kimya. Buddy Emmons alichukua kazi iliyokuwa ikifanywa na pedali moja akaigawa kwenye mbili. Jimmy Day naye akafanya mgawanyo huohuo, ila kwa mpangilio wa kinyume. Hadi leo mnunuzi wa gitaa hili huulizwa: unataka la Emmons au la Day? Kwa hiyo ukimwambia mwanafunzi akanyage pedali ya kushoto, unaweza kuwa umempoteza. Ndiyo maana walimu husema A, B, C, wala hawasemi kushoto na kulia.

Mwaka 1975 Winnie Winston na Bill Keith walitoa kitabu kizima cha kufundishia. Vitabu vya aina hii hutumia mistari kumi, mmoja kwa kila uzi. Namba inaonyesha freti, na herufi pembeni yake inaonyesha pedali. Ni msaada mkubwa. Lakini herufi A haikuambii ukanyage kwa pupa au taratibu, ufike chini kabisa au uishie nusu. Na mlio ule wa kilio uko hapohapo, katika mwendo wa kifundo cha mguu.

Hapo ndipo video ilipoingia. Mikanda ya VHS ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1977, na baada ya muda walimu wa muziki wakaichangamkia. Anayetajwa sana kwenye gitaa hili ni Jeff Newman, aliyefundisha kwa kaseti kisha kwa video, pamoja na madarasa ya ana kwa ana karibu na Nashville. Alifariki mwaka 2004 katika ajali ya ndege ndogo. Buddy Emmons alifuata mwaka 2015, Bud Isaacs mwaka 2016. Masomo ya Newman bado yanatafutwa.

Nimeangalia video nyingi za aina hii, na sasa naijua nzuri kwa dakika moja. Mbaya inaonyesha uso wa mwalimu na mikono yake. Nzuri inagawa kioo: kamera moja inatazama nyuzi kutoka juu, nyingine iko chini ya meza kwenye viatu na magoti. Chukueni somo la kawaida kabisa la kupata kodi ya E mahali patatu. Ya kwanza ni nyuzi zikiwa wazi. Ya pili ni freti ya tatu, pedali ya A pamoja na wenzo unaopandisha E kuwa F. Ya tatu ni freti ya saba, pedali za A na B. Kwa maneno ni hesabu ya kuumiza kichwa. Kwa kamera mbili unaona mguu unainama upande, goti linasogea, chuma kinateleza, vyote kwa pamoja, na unaelewa.

Kuna atakayesema haya ni mambo ya Wazungu wa kofia pana. Hapana ndugu yangu. Nimeshasema lilianzia kwa kijana wa Hawaii. Kuanzia miaka ya 1930 gitaa la stili liliingia katika makanisa ya Wamarekani weusi ya House of God kupitia ndugu wawili, Troman na Willie Eason, na watoto walijifunza kwa kukaa karibu na wakubwa na kuwatazama. Nigeria nako, Demola Adepoju alilipiga lenye pedali kwenye bendi ya King Sunny Adé.

Sasa kosa langu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Magomeni kumhoji mzee mmoja aliyepiga solo kwenye bendi za dansi miaka ya sabini. Tulikaa saa mbili barazani. Mzee akatoa gitaa lake, akanionyesha jinsi alivyopiga solo moja iliyowahi kuwainua watu vitini. Nikaweka kinasa sauti juu ya stuli, nikaandika kwenye daftari, nikampiga picha moja akiwa mlangoni. Simu yenye kamera ya video ilikuwa mfukoni mwangu muda wote.

Mwaka uliofuata mzee akatutoka. Baada ya mazishi kijana mmoja mpiga gitaa akanipigia: "Kaka, nasikia ulimrekodi. Ile solo alikuwa anaishika wapi?" Nikarudi kwenye rekodi. Sauti ya mzee iko safi kabisa. Anasema: "Unaanza hapa, halafu unakuja hivi, kidole hiki usikinyanyue, unarudi hivi." Gitaa linasikika, tamu kweli. Kisha anacheka, anauliza kama nimeona.

Nilijibu, "Ndiyo mzee, nimeona." Na ni kweli niliona. Lakini mimi sipigi gitaa, sikujua nilichokuwa naangalia, na leo sikumbuki kidole kilikuwa kipi. Kijana yule nilimtumia rekodi nzima. Alinishukuru kwa adabu, lakini "hivi" na "hapa" hazikumsaidia kitu.

Kwa hiyo nawaomba. Mwenye babu anayepiga gitaa, shangazi anayejua kukaza ngoma, au jirani anayepiga kanuni ya taarabu, aende Jumapili hii na simu yake. Uso upigeni picha moja inatosha. Baada ya hapo shusheni kamera mikononi, na kama miguu nayo inafanya kazi, shukeni hadi huko.

Naomba kuwasilisha.