Shahada, Idara na Ajira: Urithi wa Waraka wa 1968

Historia ya masomo ya juu ya fasihi nchini Kenya haiwezi kuelezwa pasipo kuurejelea waraka wa tarehe 24 Oktoba 1968, ambamo Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipendekeza Idara ya Kiingereza jijini Nairobi ivunjwe. Wahakiki wameujadili mno waraka huo kwa upande wa vitabu vya kufundishwa. Upande wa msomi aliyekusudiwa kuzalishwa, na kazi ambayo angeifanya, haujapewa uzito unaostahili.

Wakati huo njia ya shahada za juu ilipitia ng'ambo. Taban alihitimu Iowa mwaka 1968, katika uandishi wa kubuni. Ngũgĩ alikaa Leeds kuanzia 1964 hadi 1967 akichunguza fasihi ya Karibi, akarejea bila shahada ya uzamili. Okot p'Bitek, aliyejiunga nao baadaye, tasnifu yake ya uzamifu ilikataliwa Oxford mwaka 1970. Ni dhahiri basi kwamba waliouweka msingi wa masomo haya hawakuutegemea ushahidi wa vyeti peke yake. Hata hivyo, idara waliyoijenga ililazimika, kama idara zote, kuvitumia vyeti kuwa kipimo cha kuajiri.

Waraka ulitaka fasihi na lugha za Kiafrika zikae chini ya paa moja. Kilichotokea ni kinyume: fasihi ikapata idara yake, isimu na lugha za Kiafrika zikapata nyingine. Mgawanyo huo ulikuwa na athari kubwa. Fasihi simulizi ilipata heshima darasani, lakini tasnifu kuihusu ziliandikwa kwa Kiingereza. Na mtafiti wa ushairi wa Kiswahili akajikuta miongoni mwa wanaisimu. Si ajabu kwamba uchunguzi mashuhuri wa tungo za Muyaka, uliochapishwa mwaka 1979, ulitoka kwa mwanaisimu, Mohamed H. Abdulaziz.

Kuhusu ajira, kuondoka kwa wahadhiri wa kigeni kuliifanya shahada ya uzamili ionekane kuwa daraja la moja kwa moja la kuingilia uhadhiri. Daraja hilo halikuwa imara. Ngũgĩ alitiwa kizuizini Desemba 1977, akaachiliwa mwaka mmoja baadaye, wala hakurudishiwa nafasi yake. Micere Mugo naye alilazimika kuihama nchi mwaka 1982. Kwa upande mwingine, Henry Chakava, aliyesoma fasihi na falsafa Nairobi, aliingia Heinemann mwaka 1972 akiwa mhariri. Kutoka meza hiyo aliamua ni miswada ipi ingewafikia wasomaji, ikiwemo riwaya ya Kigĩkũyũ ya Ngũgĩ ya mwaka 1980. Wahadhiri wachache waliweza kujivunia darasa pana kiasi hicho.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 na kukifanya Kiswahili somo la lazima la kutahiniwa, uwanja huo ulipanuka zaidi: walimu, watunzi wa miongozo na wahariri walihitajika kwa wingi, na waliofaidika ni wahitimu wa ile idara ya pili.

Yaelekea, basi, kosa halikuwa katika kutoa shahada nyingi kuliko nafasi za uhadhiri. Kosa lilikuwa kuwaandaa wanafunzi kana kwamba uhadhiri ndio mwisho pekee wa safari, ilhali historia ya idara yenyewe ilikuwa ikishuhudia vingine.